Chupa Nyeupe ya Yaya Fiston

Juma lililopita nilifungua chupa ya shule ya mwanangu, na harufu ikanipiga usoni kabla sijaitazama vizuri. Wenye watoto mnaijua. Ni harufu ya plastiki iliyofungiwa na maji ya juzi, chachu kidogo, udongo kidogo, kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Mtu mwingine angetia sabuni akaendelea na shughuli zake. Mimi nilirudisha kizibo, nikaitia chupa kwenye mfuko, nikaufunga mfuko mafundo mawili, nikaupeleka mwenyewe mpaka jalalani. Mwanangu alilia sana, maana chupa ile ilikuwa na picha ya twiga. Nilimwambia imepotea. Katika mambo ya chupa nimekuwa mwongo hodari tangu nikiwa na miaka tisa, na leo nataka kuwaeleza nilivyoanza, ninyi msionijua, ambao hatutakaa meza moja mkaanza kunitazama.

Tulikuwa tunakaa Namuwongo, mtaa wa mabanda wa Kampala, upande wa chini wa reli, watu watatu chumba kimoja: mama, mimi, na kaka yangu Fiston. Nilimwita Yaya, kama sisi wa Bukavu tunavyowaita wakubwa zetu. Baba hakutoka nasi Kongo. Mama alitembeza vitenge begani, na Fiston, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alisambaza mikate madukani kwa baiskeli nyeusi ya mzigo. Kila asubuhi aliupanda nayo mlima wa Muyenga, kreti tatu nyuma, na pale ambapo magari yalikuwa yananguruma na kutoa moshi yeye alipita akipiga mluzi nyimbo za kwaya.

Ndiko huko mlimani Kocha alikomwona. Kocha alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu kama mlingoti, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Alikuwa anafundisha vijana mbio za baiskeli. Siku hiyo alimfuata Fiston kwa pikipiki mpaka kileleni, akazima injini, akamtazama miguu kwanza ndipo akamtazama uso. "Wewe kijana," akamwambia, "hiyo mguu unapoteza bure kwa mkate."

Basi mikate ikawa ya asubuhi, na jioni ikawa ya mazoezi. Kocha alimwazima baiskeli nyembamba ya mbio, kuukuu lakini nyepesi, hata mimi niliweza kuinyanyua. Fiston akaanza kuvaa kaptula za kubana, na akina mama wa kanisani wakaanza kuangalia pembeni anapopita. Alipokuja kunyoa miguu, kama wanavyofanya waendesha baiskeli, mama alikaa chini kabisa. "Ee Mungu, nimezaa mwanaume, leo iko nanyoa miguu sawa bibi arusi!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ninaandika habari ya kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho ninachokikumbuka kikiwa kizima.

Pamoja na baiskeli zilikuja chupa mbili, moja ya bluu na moja nyeupe, za plastiki laini ya kubonyeza, zenye kimdomo cha mpira kinachovutwa kwa meno huku mtu anaendesha. Kocha alikuja nazo nyumbani mwenyewe, akachuchumaa mbele yangu, akanikabidhi kazi kama anayemkabidhi askari bunduki. "Hii kitu unaosha kila siku. Unatoa mdomo yake, unaosha huko ndani, huko ndiyo uchafu inajificha. Maji ya jana unamwaga. Umesikia? Ya jana hapana." Nikasema nimesikia. Mguu wa Yaya ulikuwa wa Yaya, lakini chupa zilikuwa zangu.

Naweza kuwaambia bila aibu kwamba nilikuwa fundi. Sikuwa na brashi, kwa hiyo nilitia punje za mchele mbichi, majivu kidogo ya jikoni na maji ya vuguvugu, nikaziba kwa kiganja, nikatikisa. Mchele ulicharaza ndani kama kayamba, na mimi niliutikisa kwa mapigo ya nyimbo zetu za kwaya, na watoto wa jirani walikuja kucheza. Kisha nilikivuta kimdomo kwa meno mpaka kikatoa mlio, tok, nikakisugua kwa mswaki wa zamani niliokuwa nimeufunga kwenye njiti ya baiskeli. Nilisuuza mara tatu, nikainusa. Ikinuka plastiki tupu, nilikuwa nimemaliza, nikaipachika kichwa chini juu ya mti wa ua, jua liingie. Nilivyokuwa naifanyia chupa ya bluu sijakifanyia kitu kingine chochote maishani mwangu, hata vyeti vyangu.

Nimesema ya bluu. Sasa nije kwenye ile nyeupe.

Mama alikuwa na imani na maji, na kabla hamjamcheka niwaambie ilikotoka. Tulipokuwa tunakimbia, mimi mgongoni na Yaya akishika ncha ya kitenge chake, tulikuwa na chupa moja. Mama aliijaza kwenye madimbwi ya njiani, maji ya rangi ya chai, akaishika kwa mikono miwili, akaiombea, akatunywesha. Wenzetu waliharisha, wengine wakazikwa kando ya njia. Sisi hatukuumwa hata tumbo. Mtu aliyeona jambo kama hilo kwa macho yake utamwambia nini kuhusu kuchemsha?

Namuwongo akina mama wa Bukavu walikuwa na chumba chao cha maombi, cha mbao, nyuma ya gereji. Aliyewaongoza alikuwa Mama Esta, mjane kama mama, mtu mpole asiyeomba mtu kitu. Kila Jumatano waliliombea jerikani moja la maji, kila mmoja akarudi na kidogo chake. Kocha alipotangaza kwamba baada ya miezi miwili kungekuwa na mbio za kuchagua vijana wa timu, watakaohamia kambini, wakalishwa, wakalala mahali pasipofurika mvua ikinyesha, mama aliichukua chupa nyeupe, akaichora msalaba kwa kalamu ya wino mzito, akaijaza maji ya Jumatano.

"Hii usiguse na majivu yako," aliniambia. "Na ile inabakia ndani haimwagwi chini, watu wakaikanyage. Ni maji ya Mungu. Unaongeza tu."

Nikaongeza tu. Yaya alirudi jioni na nusu chupa, mimi nikachukua kichupa cha akiba cha mama kutoka juu ya kabati, nikaijaza hadi shingoni. Jumatano mpya ilimwagwa juu ya Jumatano ya zamani. Mkono mmoja nilishika sheria ya Kocha, mwingine sheria ya mama, na mtoto wa miaka tisa akipewa sheria mbili hufuata ya yule anayempikia.

Wiki ya tatu niliiona. Nilikuwa nimevuta kimdomo kidogo tu, kwa mazoea, na pembeni mwa mpira palikuwa na utelezi mweusi, mwembamba, unaong'aa. Nikanusa. Ndiyo harufu ile ile ya juma lililopita. Nilikwenda kwa mama, ambaye alikuwa anakunja vitenge, nikamwambia, "Mama, ile nyeupe iko inanuka."

Hakunipiga. Angenipiga labda ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Alinitazama kwa masikitiko, kama mtu aliyegundua kwamba mwanawe ameanza kuiba. "Pua yako njo inanuka," alisema taratibu. "Maji ya Mungu haiozi. Tulikunywa matope, ukapona. Leo umesahau?" Nikarudi nje nimeona haya. Usiku nilitubu. Kuanzia hapo nilikuwa napumua kwa mdomo ninapoijaza, ili pua yangu isinitie dhambini tena.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Kocha alipita kukagua baiskeli za vijana wake, nyumba kwa nyumba, na alipofika kwetu Yaya alikuwa hajarudi na mama alikuwa sokoni. Nilikuwa uani, chupa moja kila mkono. Akasema, "Afande wa chupa! Leta nione." Nilimpa ya bluu. Aliing'oa kizibo, akatazama ndani kwa jicho moja, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi kabisa. Hata jeshini hawakuwa naosha hivi. Na ile ingine?"

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo. Nikasema, "Ile iko sawa na hii."

Akanigonga kichwani kidogo kwa upendo, akaenda. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimesoma, nimeolewa, nimezaa, na kila nilipokuwa ninakosa usingizi nilikuwa narudi uani pale, kuunyoosha mkono wa kushoto mbele. Haunyooki. Angeinusa mara moja tu, angeitupa kule kwenye mtaro, mama angelia siku mbili, na mambo yangeishia hapo.

Siku nane kabla ya mbio Yaya alianza kuumwa kichwa. Kisha tumbo, kisha homa iliyokuwa inapanda jioni na kushuka asubuhi, kwa hiyo kila asubuhi alisema amepona. Alikwenda na mikate akarudi, akakaa juu ya kreti tupu, anatetemeka juani. Mama alikwenda kumwita Mama Esta na wenzake, wakaja wakaimba wakiwa wameshikana mikono kuuzunguka mkeka wake. Walipoondoka mama aliniachia kazi: kila anapoamka, mpe maji.

Mnajua maji gani. Nilipiga magoti kando ya kichwa chake, nikambonyezea kinywani, kidogo kidogo, kama Kocha alivyokuwa anawafundisha kunywa mlimani. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. Alikuwa ananitazama huku anameza. Siku tatu nilimnywesha. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hakuna msemo nilioufundishwa unaomhusu mtu anayemficha mwenzake maradhi ndani ya chupa, akamshikia na kichwa.

Siku ya mbio aliamka, akajiosha, akavaa. Mama alilia asiende, kisha, kwa kuwa alikuwa mama na ndoto hiyo ilikuwa yake pia, akambariki. Chupa zote mbili ziliwekwa mahali pake kwenye baiskeli. Mimi na mama tulisimama katikati ya mlima wa Muyenga na watu wa mtaa wetu, maana hapo ndipo kila mtu alijua Fiston atawaacha wenzake. Walikuja kumi na mmoja, yeye wa tatu. Tukapiga kelele. Akafika mbele yetu kabisa, na hapo, penye mlima aliokuwa akiupanda na kreti tatu akipiga mluzi, akashusha mguu mmoja chini. Kisha wa pili. Akaketi kwenye ukingo wa barabara, polepole, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Wenzake wakampita.

Kocha alimpakia kwenye pikipiki katikati yake na kijana mwingine, wakamkimbiza hospitali ya Mulago. Ilikuwa homa ya matumbo, na utumbo ulikuwa umeshatoboka. Walimpasua siku ile ile. Walifanya walichoweza, na daktari aliyetueleza alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimuuliza mama kijana alikuwa anakunywa maji gani. Mama akajibu, "Maji mazuri." Daktari akaandika kitu. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nimeambiwa na wanaojua kwamba huenda haikuwa ile chupa hata kidogo, kwamba Namuwongo ya siku zile, mvua zikinyesha, vyoo na chemchemi vilikuwa kitu kimoja, na ugonjwa ule ungeweza kumpata kwa tunda lisilooshwa. Wananiambia hivyo ili nipate nafuu. Sipati. Huenda siyo ile chupa. Lakini ile chupa ndiyo niliyoishika mimi.

Siku ya tatu hospitalini, mama alipokuwa ametoka kutafuta uji, Yaya aliniita kwa kidole. Sauti ilikuwa imekwisha, nikainama mpaka sikio langu likagusa midomo yake.

"Mudogo wangu. Ile maji ilikuwa inanuka, ee?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaanza kulia.

"Mama asisikie," akasema. "Hapana muambie mama."

Alifariki kesho yake, mchana, watu wa wodi wakila chakula chao.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa ananificha mimi, ananikinga nisipigwe. Mtoto hudhani kila kitu kinamhusu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Alikuwa na barabara nzima ya kuyamwagia maji yale, majani pande zote, hakuna wa kumwona. Angerudi na chupa tupu, na mama angefurahi. Lakini Fiston hakujua kumdanganya mama yake. Jioni mama alikuwa anauliza, "Umekunywa?" na yeye alitaka ajibu ndiyo akiwa anamtazama machoni. Basi akawa anakunywa. Nusu alimeza kwa ajili ya mama, na nusu, nadhani, ilimshinda, akairudisha nyumbani, nami nikaijaza tena.

Baada ya mazishi Kocha alituletea zile chupa. Alizipachika juu ya mti wa ua, kichwa chini, akaondoka. Kesho yake nilimkuta mama amekaa uani na ile nyeupe. Aliking'oa kimdomo kwa meno, kama alivyokuwa ananiona nikifanya. Alitazama ndani muda mrefu. Kisha akamwaga chini yale yaliyobakia, pale pale kwenye vumbi la kila mtu, akachukua mchele na majivu akaanza kutikisa. Aliosha siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Msalaba ukafutika. Sikumsogelea. Jumatano akaenda chumba cha maombi kama kawaida, ila hakurudi tena na maji.

Hatukuzungumza. Yaya aliniagiza mama asisikie, nami nikaishika amana hiyo kuliko amri za kanisa. Nilihama Namuwongo, mama akakataa kuhama. Kila Jumapili nampelekea mjukuu, na kila Jumapili, kabla mtoto hajanywa, mama huipokea chupa yake, huivuta mdomo kwa meno, huinusa, humrudishia. Mimi hugeuka nikatazama reli. Nilijiambia ni desturi ya mabibi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Jumapili iliyopita tulifika na chupa mpya, bado ina karatasi ya dukani. Mama akaigeuza geuza. "Ile ya twiga iko wapi?"

"Imepotea," nikasema.

"Mama alisema imepotea," mwanangu akaongeza, mwaminifu kama mjomba wake.

Mama alisubiri mpaka mtoto atoke nje kucheza. Amezeeka; mikono yake sasa hutetemeka hata ikiwa juu ya magoti. Akaniuliza bila kunitazama, "Ilikuwa inanuka?"

"Ndiyo, mama."

Treni haikupita, hakuna aliyekuja kutuokoa.

"Ile ya yaya yako pia ilikuwa inanuka," akasema. "Na wewe uliniambia."

Neno moja, uliniambia, na alikuwa amekaa nalo miaka yote hiyo ndani ya chumba kile, peke yake, huku mimi nikimlinda asilisikie. Tulikuwa watatu, wote tulijua, na kila mmoja alinyamaza kwa ajili ya mwenzake. Nimekuwa nikifikiri kwamba siku tukisema, mzigo utapungua. Nawaambia ukweli: haukupungua. Uligeuka kuwa miwili, wake na wangu, na nikaona kwamba wake ni mzito zaidi, na kwamba hakuna namna ya kumpokea. Nilitaka angalau nimwambie habari ya mkono wangu wa kushoto, Kocha, ile Jumamosi. Mdomo ulikataa.

Mama akaniomba punje za mchele. Nikampa. Akazitia kwenye chupa mpya, chupa ambayo haijawahi kutiwa hata tone la maji, akaongeza majivu, akaziba kwa kiganja chake, akaanza kutikisa. Mimi nilikaa kando yake nimeshika kizibo, nikimngojea amalize.